Kuunga picha za Jua vipande vipande: mwongozo kwa wenye darubini Kigoma na Tabora

Darubini ikikuza Jua hadi doa lililo usoni mwake lionyeshe kiini chake cheusi na ukanda wa kijivu unaokizunguka, Jua zima halienei tena kwenye kamera. Hapo una mawili: upunguze ukuzaji upate Jua zima lakini dogo, au upige kipande kwa kipande kisha uviunge kwenye kompyuta. Mwongozo huu ni wa njia ya pili.

Niseme msimamo wangu mapema. Picha ya kuunga hutengenezwa kwenye darubini, kompyuta inamalizia tu. Vipande vikiwa vimepigwa kwa mwanga uleule, pembe ileile na ndani ya dakika chache, programu ya bure itaviunga bila kukusumbua. Vikipishana katika hayo, hata programu ya kulipia itakuachia mishono inayoonekana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya uwanjani.

Macho kwanza

Kichujio hukaa mbele ya darubini, upande unaoelekea Jua. Vile vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho, vinavyokuja na baadhi ya darubini za bei nafuu, vinakaa mahali ambapo mwanga umeshakusanywa. Joto linaweza kuvipasua ghafla, na retina haina maumivu ya kukuonya. Vitupe, usimpe hata mtu mwingine.

Filamu ya Baader AstroSolar ndiyo wengi wanaianza nayo, na iko ya aina mbili. Yenye alama 5.0 hupitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 100,000, nayo ni salama kwa jicho na kwa kamera. Yenye alama 3.8 hupitisha moja kati ya 6,300 hivi, na hiyo ni ya kamera peke yake: hakuna kuchungulia, hata mara moja. Kama kuna wanafunzi au watoto wanaozungukazunguka, nunua ya 5.0 na usahau nyingine. Itengenezee fremu ya kadibodi ngumu inayobana vizuri mdomo wa darubini. Usiivute ikakaza, mikunjo midogo haidhuru picha. Kabla ya kila kazi inyanyue kuelekea kwenye taa uitafute tundu, kisha uifunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi, maana upepo wa ziwani haubishi hodi. Darubini ndogo ya kulengea nayo ifunikwe au uing'oe kabisa. Filamu za eksirei, CD na vioo vya kuchomelea si vichujio vya darubini, hata kama mwaka wa kupatwa kwa Jua uliona watu wakizitumia.

Ukiondoka hata dakika mbili, geuza darubini isielekee Jua.

Hesabu ya vipande

Jua lina upana wa karibu nusu digrii angani. Picha yake kwenye kihisi cha kamera unaipata kwa kugawa urefu wa fokasi kwa 107. Tuchukue darubini ya lenzi yenye upana wa milimita 80 na fokasi ya milimita 600, uiwekee lenzi ya Barlow ya mara mbili: fokasi inakuwa 1,200, na Jua linakuwa na upana wa milimita 11.2. (Januari linazidi kidogo kuliko Julai, kama asilimia 3, kwa sababu Januari tuko karibu nalo zaidi.)

Kamera yenye kihisi cha IMX178, kinachotumika sana kwa kazi hii, ina milimita 7.4 kwa 5. Kila kipande kilalie jirani yake kwa karibu asilimia 30, kama mabati ya paa. Acha na ukanda mwembamba wa anga nyeusi kuzunguka Jua lote. Ukipiga hesabu unapata vipande 2 kwa upana na 3 kwa urefu, jumla 6. Ukiwa na kamera ndogo ya milimita 4.8 kwa 3.6, kwa darubini hiyohiyo utahitaji 4 kwa 5, yaani 20.

Tofauti ya 6 na 20 si uchovu tu. Katika vipande 6, kila kimoja kina sehemu ya ukingo wa Jua, na programu ina kitu cha kushika. Katika vipande 20, vile vya katikati havina ukingo. Kama siku hiyo Jua halina madoa, na hewa inatikisika kiasi kwamba zile chembechembe za uso wa Jua hazionekani, unabaki na mraba wa kijivu mtupu ambao hakuna programu inayojua pa kuuweka. Ushauri wangu: anza bila Barlow, au na ukuzaji mdogo, upate vipande vichache ambavyo vyote vimegusa ukingo. Vipande 20 viachie siku yenye madoa mengi na hewa tulivu.

Saa ya kupiga

Kinachoharibu picha ya Jua ni hewa iliyochemka juu ya ardhi. Mabati, lami na uwanja wa changarawe hutoa joto ambalo kwenye skrini unaliona kama ukingo wa Jua unaochemka. Nyasi mbichi na maji hufanya hivyo kwa kiasi kidogo sana. Ndiyo sababu kituo cha Big Bear cha California kilijengwa ndani ya ziwa, na kile cha Udaipur nchini India kikawekwa kwenye kisiwa ndani ya ziwa Fateh Sagar.

Kigoma tumepewa ziwa bure. Asubuhi Jua linatoka upande wa vilima, nchi kavu, na mwanga unapita juu ya mabati ya watu. Alasiri linakuwa upande wa Tanganyika, na ukikaa ufukweni Kibirizi, Ujiji au Bangwe darubini inatazama juu ya maji matupu. Shida ya alasiri ni upepo, unaotikisa stendi. Tafuta ukuta au mtumbwi ulioegeshwa wa kukukinga, na usiupandishe mguu wa stendi hadi mwisho, stendi fupi hutulia zaidi. Usingoje hadi machweo. Jua linapokaribia milima ya Kongo ni zuri kwa picha ya simu, lakini kwa darubini linachemka na linabonyea juu na chini, na vipande vyake havitakubaliana.

Tabora hakuna ziwa la kukuokoa, kwa hiyo kazi ni ya asubuhi, kuanzia saa 3 hadi saa 4 na nusu hivi, kabla ardhi haijapata moto. Weka stendi juu ya nyasi, ukingoni mwa kivuli cha mwembe kama upo: darubini iwe juani, wewe na kompyuta kivulini. Mapema zaidi ya hapo Jua bado liko chini, karibu nyuzi 30 au pungufu juu ya upeo wa macho, na mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi mno.

Saa sita ya kwenye simu si saa sita ya Jua. Saa za Tanzania zinafuata longitudo ya 45 mashariki, na Kigoma iko karibu na 29.6, kwa hiyo huku Jua linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana. Tabora ni dakika kumi na chache mapema. Karibu na tarehe 8 Machi na 5 Oktoba linapita utosini kabisa, na hapo stendi ya kuzungusha kushoto-kulia na juu-chini inachanganyikiwa: inabidi igeuke haraka mno, na picha nayo inazunguka ndani ya kamera. Siku hizo acha kabisa ile saa moja kabla na baada ya Jua kufika juu.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, anga ni wazi, ila moshi wa kuchoma nyasi huongezeka kuelekea mwishoni. Moshi uliotulia unavumilika. Unaopita kwa mafungu unabadilisha mwanga katikati ya kazi, na hapo ni heri ungoje. Wingu jembamba vivyo hivyo.

Stendi na kamera

Stendi ya ikweta, ile yenye mhimili unaolazwa sambamba na mhimili wa Dunia, ndiyo bora kwa sababu haigeuzi picha. Lakini sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na stendi nyingi zimetengenezwa kwa watu wa mbali huko: mhimili wake haushuki hadi nyuzi 5. Dawa yake ni kuinua mguu wa upande wa kaskazini kwa tofali au kufupisha wa kusini, ili stendi nzima iinamie kusini kidogo, huku mhimili ukielekea kusini. Fanya hivyo kabla ya kupandisha darubini, na hakikisha uzito wa kusawazisha haugongi mguu. Mchana huoni nyota za kulengea, kwa hiyo dira na pimamaji vinatosha. Vipande vyako vinachukua dakika chache tu, na kosa dogo la ulengaji halitaonekana.

Sasa jambo ambalo watu wengi huliruka: kugeuza kamera iwe sambamba na mwendo wa stendi. Weka doa, au kona ya ukingo wa Jua, upande wa kushoto wa skrini. Bonyeza kitufe cha mashariki au magharibi peke yake, bila kugusa kaskazini na kusini. Doa litembee likiambaa mstari mmoja hadi upande wa kulia. Likipanda au kushuka, legeza kamera, igeuze kidogo, rudia. Ukimaliza kaza, na usiiguse tena mpaka mwisho. Kamera iliyopinda hukupa vipande vinavyoshuka kama ngazi, na kwenye kona za ngazi ndipo mapengo yanapojificha.

Huna mota? Kazi inawezekana. Jua linatembea sekunde 15 za tao kila sekunde (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), yaani linavuka upana wake wote kwa dakika 2 na kidogo. Tanguliza darubini magharibi mwa Jua, iache, rekodi video Jua likipita lenyewe. Hiyo ni safu moja. Sogeza juu au chini, rudia. Geuza kamera kwa kutumia mtiririko huohuo wa Jua, ni sahihi kuliko kitufe chochote.

Kupiga

Programu ya kunasa ni FireCapture au SharpCap. Kompyuta iweke ndani ya boksi la katoni lililolala, ujifunike kitenge kichwani, vinginevyo skrini huioni na fokasi utaibahatisha. Fokasi itafute kwenye ukingo wa doa, si kwenye ukingo wa Jua, maana doa lina maelezo madogo zaidi.

Zima kila kitu chenye neno Auto. Nenda katikati ya Jua, ambako ndiko kwenye mwanga mkali kuliko kote, weka muda wa mwanga hadi histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, ifike asilimia 70 au 75, kisha usiubadilishe kwa vipande vyote. Utakapofika ukingoni picha itakuwa na giza zaidi na mkono utawasha. Uache. Ukingo wa Jua kwa asili una mwanga hafifu kuliko katikati, kwa sababu pembeni tunaona tabaka za juu zenye joto dogo zaidi. Ukiongeza mwanga ukingoni umeharibu umbo la Jua, na mishono itaonekana hata ukiwa mbali. Muda wenyewe uwe mfupi, milisekunde 1 hadi 5, ili uigande hewa kabla haijasogea.

Kila kipande ni video, si picha moja. Fremu 500 zinatosha, ambazo kwa kamera yenye kasi ya fremu 50 kwa sekunde ni sekunde 10. Angalia diski: kihisi cha IMX178 kikirekodi biti 8 hutoa megabaiti 6.4 kwa fremu, kwa hiyo kipande kimoja ni gigabaiti 3.2, na vipande 6 karibu 19. Kompyuta yenye diski ya kizamani ya kuzunguka itadondosha fremu.

Anza kona ya juu kushoto, nenda kulia, shuka, rudi kushoto, shuka, nenda kulia. Kabla ya kusogea, chagua kitu kilicho karibu na ukingo wa skrini, tuseme doa dogo, na ukisogeze hadi theluthi ya upande wa pili. Hapo umeona kwa macho kwamba vipande vimelaliana. Jina la faili libebe nambari ya safu na ya kipande. Ukimaliza, rudia mzunguko wote mara moja, kwa sababu kipande kimoja kibovu kati ya 6 kinatosha kuangusha kazi yote.

Usikawie. Jua linajizungusha, na katikati yake madoa yanasogea karibu sekunde 9 za tao kwa saa. Darubini ya milimita 80 inatenganisha vitu vya sekunde 1.4 hivi, kwa hiyo ukizidisha dakika 10 kipande cha kwanza na cha mwisho vinaanza kutofautiana kwa kiasi kinachoonekana. Chembechembe za uso wa Jua zenyewe huishi dakika 10 au pungufu, kisha hutoweka na nyingine kuzaliwa.

Mwisho, piga picha bapa ya kufuta vumbi na giza la pembeni la kamera. Bila kugusa fokasi wala kugeuza kamera, funika kichujio kwa kitu cheupe kinachotawanya mwanga, kichujio kikiwa palepale. Wa nje hutumia mfuko wa plastiki. Kwetu mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini nailoni nyembamba ya kufungia bidhaa au kitambaa cheupe kisicho na maua hufanya kazi hiyohiyo. Hapa peke yake unaruhusiwa kuongeza muda wa mwanga.

Kwenye kompyuta

Video za vipande zipitishe AutoStakkert, ambayo huchagua fremu zilizotulia na kuzirundika kuwa picha moja. Chagua hali ya Surface, pakia picha bapa, chukua asilimia 10 hadi 20 ya fremu bora, na uhakikishe Normalize Stack imezimwa: ikiwaka, kila kipande kitapewa mwanga wake na kazi yako yote ya uwanjani imepotea. Asilimia iwe moja kwa vipande vyote. Hifadhi TIFF za biti 16, kisha ukate kama pikseli 40 kila upande, kwani ukingo wa picha iliyorundikwa huwa mchafu.

Kunoa fanya kwa ImPPG, ambayo inakubali kundi zima la faili kwa mpangilio mmoja. Noa kidogo tu sasa, ili programu ya kuunga ipate maelezo ya kushika. Ukizidisha, ukingo wa Jua utaota mstari mweupe.

Kuunga wengi walizoea Microsoft ICE, ambayo Microsoft iliacha kuitoa. Kama unayo nakala, chagua Planar Motion. Kama huna, Hugin ni ya bure. Mwambie lenzi ni ya kawaida, pembe ya picha weka 10 hata kama si ya kweli, kisha umruhusu asogeze kwa X na Y na ageuze kidogo tu. Usimruhusu kunyoosha wala kupinda, la sivyo atakupa Jua lenye umbo la embe.

Programu ikishindwa, unga kwa mkono kwenye GIMP, na kusema kweli kwa vipande 6 mimi napenda hivi zaidi. Fungua turubai ya pikseli 5,200 kwa 5,200, kila kipande kiwe tabaka lake. Tabaka la juu liweke katika modi ya Difference: panapofanana panakuwa peusi. Sogeza kwa vitufe vya mishale, pikseli moja moja, hadi doa lililo kwenye vipande vyote viwili litoweke. Likitoweka doa moja lakini jingine likabaki na kivuli pembeni, kipande kimepinda, kigeuze sehemu ya kumi ya digrii na ujaribu tena. Rudisha modi ya kawaida, weka maski, na ufute mshono kwa brashi laini na pana. Mshono usipite juu ya doa, upitishe mahali patupu.

Kukagua: chora duara kamili juu ya Jua. Jua likiwa juu angani umbo lake ni duara, kwa hiyo ukingo ukiiacha duara mahali popote, kipande cha hapo kimeteleza. Halafu fungua picha ya siku hiyo ya chombo cha SDO cha NASA, kilicho angani tangu 2010 na ambacho picha zake ni za bure kwa kila mtu. Linganisha madoa. Kama yako yamegeuzwa kulia-kushoto, kioo cha pembeni cha darubini ndicho kilichofanya hivyo, igeuze. Zungusha hadi kaskazini ya Jua iwe juu.

Wenye darubini ya haidrojeni-alfa, ile inayopitisha mwanga mwekundu wa haidrojeni peke yake, nanomita 656.28, wana mzigo wa ziada: sehemu nzuri ya picha huwa katikati tu, pembeni mwanga hubadilika. Walalishe vipande hadi nusu, na ndimi za moto za ukingoni wazipige kando kwa muda mrefu zaidi, kisha waziweke kama tabaka la nyuma.

Rangi ni hiari. Kamera ya nyeusi na nyeupe haioni rangi, na njano unaiongeza mwenyewe. Mimi huiacha kijivu, madoa yanasomeka vizuri zaidi. Kwenye kona andika tarehe na saa ya kipande cha kwanza na cha mwisho kwa saa za dunia, yaani saa ya kwenye simu kwa mtindo wa saa 24, toa 3. Hifadhi TIFF kamili kama nakala mama, na JPEG ya kugawa. Ukiirusha WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa, na pikseli 4,600 za Jua ulizozihangaikia zitapungua hata kabla hazijamfikia mtu.